Nyuma ya Fomu

Hata leo nikipewa karatasi yoyote, iwe risiti ya duka au tangazo la kanisani, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuigeuza nione nyuma kuna nini. Majirani zangu hapa Kitendaguro wameshanizoea. Mmoja hunitania kwamba siku nikifika mbele ya Mungu na kukabidhiwa cheti changu, nitakigeuza kwanza kabla sijakisoma. Mwache acheke. Yeye hakufanya kazi nilikofanya mimi.

Nilikuwa karani wa takwimu. Miaka ile ya ujamaa, chuo kikuu kilikuwa na tawi dogo mjini Bukoba lililoshughulikia elimu ya watu wazima, na tawi hilo lilikuwa na chumba kimoja kirefu pale Miembeni, juu ya duka la vitambaa, kilichoandikwa mlangoni Ofisi ya Takwimu. Tulikuwa makarani watatu pamoja na mkuu wetu. Kila mwezi tulipokea fomu kutoka madarasa yote ya kisomo, ya mjini na ya Muleba, tukahesabu nani alihudhuria na nani hakuhudhuria, tukaziandika hesabu hizo kwenye karatasi moja kubwa kama shuka, tukaipeleka Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, magauni mawili ya kazini na kalamu ya wino ya kwangu mwenyewe. Nilijiona nimefika.

Mama yangu hakuona hivyo. Alikuwa mjane, mimi ndiye mtoto wake pekee, na kibanja chetu kule Muleba kilikuwa na migomba ambayo baba aliipanda kabla sijazaliwa. Alitaka nibaki. Nilimwambia nchi imepata uhuru ili watu kama mimi tukae mezani, si ili tuzeeke tukipalilia. Maneno ya kijinga, lakini niliyasema, tena kwa sauti ya juu, na mama akaendelea kumenya ndizi kana kwamba anayesema ni redio. Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi barabarani bila kunisemesha. Basi lilipoonekana ndipo akafungua mdomo.

"Sitakutumia barua za kuandikiwa," alisema.

Nilijua anasema nini. Nilipokuwa shule ya bweni, alimwomba katekista amwandikie. Mama alimwambia aandike kwamba mbuzi amezaa wawili, kwamba mvua imevunja mgomba ule wa karibu na jiko, na kwamba usiku anaweka sahani mbili kwa kusahau. Barua ikanifikia ikisema: "Salamu katika Bwana, sisi sote wazima." Nilipomsomea likizo ilipofika, mama alikasirika mwezi mzima. Hakumwomba tena katekista hata sala.

"Nitajifunza," alisema pale barabarani. "Nitaandika kwa mkono wangu. Nikikuandikia, utakuja?"

"Siku hiyohiyo."

"Siku hiyohiyo?"

"Hata kwa miguu, mama."

Nilisema nikiwa na hasira bado, kwa sababu sikuamini. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini, na mikono yake ilikuwa imezoea jembe tu. Lakini tulikuwa watu wa tabia moja, yeye na mimi. Ahadi ikishatoka, kila mmoja anakaa upande wake anangoja. Sikwenda nyumbani Krismasi ile. Nilijiambia kwamba nikienda kabla ya barua, nitakuwa nimemwambia kwamba barua yake haina kazi. Nilijidanganya vizuri, kama msomi.

Mwalimu wa darasa la kijijini kwetu alikuwa mwanamume mwembamba, Mlutheri, mkulima wa kahawa, aliyefundisha kwenye kibaraza cha ghala jioni za Jumatatu na Alhamisi. Fomu zake alizileta mwenyewe kwa basi. Mara ya tatu alipokuja aliniinamia mezani.

"Mama yako ameanza," aliniambia. "Ni mwanakisomo namba tisa."

Kwa sababu fomu hazikuwa na majina. Zilikuwa na namba, tiki na sababu. Tangu siku hiyo nilikuwa namsoma mama yangu kwa tiki. Fomu za Muleba zikifika nilizivuta kwangu kabla karani mwingine hajazigusa, nikateremka kwa kidole hadi mstari wa tisa. Tiki, tiki, tiki. Alhamisi moja hakuwepo, sababu namba mbili, msiba. Nilikaa siku nzima nikijiuliza ni nani aliyekufa. Mwezi wa sita alihudhuria siku zote bila kukosa hata moja, na nilijivuna nikanunua maandazi ya ofisi nzima bila kusema ni ya nini. Nilimtamani mno siku zile. Nilitamani harufu ya moshi kwenye kanga yake. Ila nilikuwa na tiki, nikafikiri zinatosha mpaka barua ije.

Sasa niieleze fomu yenyewe, maana ndiyo iliyoniumiza. Mbele ilikuwa na jedwali. Mtu asipohudhuria, mwalimu aliandika namba ya sababu: moja ugonjwa, mbili msiba, tatu mvua, nne uvivu. Hakukuwa na tano. Nyuma kulikuwa na mistari kumi na miwili, na juu yake maneno "Maoni ya Mwalimu". Ile karatasi kubwa ya Dar es Salaam haikuwa na mahali pa maoni. Mkuu wetu, mtu mpole aliyevaa sweta hata kwenye joto, alikuwa na usemi wake.

"Ndugu zangu," alisema, "kilicho na safu ni takwimu. Kisicho na safu ni mazungumzo."

Kwa hiyo hatukusoma nyuma. Lakini kwa vile ilikuwa siasa ya wakati ule kwamba mfanyakazi asikilizwe, kila maoni yalipaswa kujibiwa. Tulijibu, tena haraka kuliko ofisi yoyote mjini. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilizipanga fomu kifudifudi kama karata, zikaonekana pembe tu, nikapitisha kidole gumba. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ina mikwaruzo, na kidole changu kilijua. Penye mikwaruzo nilipiga muhuri kwenye pembe: YAMEPOKELEWA. Halafu nilichukua barua moja kutoka rundo tulilorudufisha kwa stensili. "Ndugu, maoni yako yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Asante kwa ushirikiano." Niliweka saini yangu kwa niaba ya mkuu, nikaandika namba ya darasa juu ya bahasha, basi. Fomu mia moja kwa asubuhi moja. Mkuu alinisifu mbele ya mgeni kutoka makao makuu kwamba hakuna maoni yanayolala mezani kwangu, na ilikuwa kweli. Yalilala kabatini.

Mwezi wa kumi na moja senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wakaanguka. Asiyekuwa wa kwetu hawezi kujua jambo hilo lilivyo. Alfajiri majani yote ni ya kijani na yanatembea, na hakuna Mhaya anayebaki ndani, awe padri au mgonjwa. Wanawake ndio waliookota kwa vikapu, wakawanyonyoa mabawa na miguu hadi jioni, halafu wakawakaanga au wakawakausha kwa moshi. Na wanawake wa rika la mama yangu hawakuwala. Walikuwa wa wanaume. Mwanamke alimwokotea mume wake, na mume mwenye adabu alimnunulia nguo kwa shukrani. Sisi wasichana wa shule tulikuwa tumeivunja miko hiyo kitambo, tukila kwa kujificha kwanza, kisha waziwazi, na mama alikuwa akinitazama ninavyotafuna huku akitikisa kichwa, halafu ananiongezea.

Basi fomu za mwezi ule zikafika na mashimo. Kwenye darasa la kwetu wanawake kumi na wanne hawakuonekana wiki mbili. Mwalimu hakuweka namba ya sababu. Aliandika kwa herufi safi, mstari kwa mstari: senene, senene, senene. Nikampelekea mkuu fomu ile.

"Kuna namba ya senene?" aliuliza.

"Hapana."

"Si ugonjwa, si msiba, si mvua. Inabaki nini?"

Nikarudi mezani. Karani mwenzangu mmoja, aliyekuwa wa Tabora, aliona ni sawa kabisa. Mimi niliyezaliwa na senene nilijua si sawa, na nilinyamaza. Niliandika nne kwa namba moja, nne kwa namba tatu, na nilipofika mstari wa tisa nikaandika nne kwa mama yangu pia. Nilikuwa nimemkasirikia kidogo, kwamba kwa nini naye asingekosa siku mbili tu, kwa nini wiki mbili nzima, na nyumba yenyewe haina mwanamume wa kumwokotea. Fomu ile nilitaka initoke mkononi. Nikaipindua pamoja na nyingine, nikapitisha kidole, nikapiga muhuri, nikasaini jibu.

Mwezi wa kwanza tulikuwa na Siku ya Maoni. Walimu wa vijijini walikusanyika ofisini kwetu, wengine wamesimama ngazini, na mimi niliandika kumbukumbu. Mwalimu wa kwetu alinyosha mkono mapema.

"Waitu, ndugu mkuu," alisema, akianza na neno letu la heshima, "naomba senene wapewe namba yao. Mnatuandikia uvivu. Mimi nimewaona wanawake hawa wakiinama toka alfajiri mpaka jua linazama. Kama huo ni uvivu, basi na mimi nifundisheni."

Watu walicheka. Hakucheka yeye.

"La pili. Tunaandika nyuma ya fomu. Nataka kujua, mnasoma?"

Aliniangalia mimi moja kwa moja, si mkuu, na mimi niliinamia daftari.

"Maoni yamepokelewa," alisema mkuu, "na yatafanyiwa kazi."

Niliandika hivyohivyo kwenye kumbukumbu. Mwalimu alikaa kitini taratibu, kofia yake magotini, na mkutano ulipokwisha akaondoka bila kuniaga. Wiki iliyofuata nilimtumia jibu la stensili.

Mwezi wa tatu vikaja vitabu vipya na mafuta ya taa, na vikagawiwa kufuatana na hesabu zetu. Madarasa yenye uvivu mwingi yalifungwa. Darasa la kwetu lilifungwa. Niliiona orodha kabla haijapigwa chapa, na nilikuwa na siku nzima ya kwenda kwa mkuu kumwambia kwamba hesabu ile niliiandika mimi na ni ya uongo. Nilikwenda hadi mlangoni. Alikuwa anakunywa chai. Nikamuuliza kama anataka dirisha lifungwe.

Tiki zikakoma. Ilikuwa kama mtu amezima taa kwenye nyumba niliyokuwa nikiitazama kwa mbali. Nikaanza kungoja barua kwa namna nyingine, kwa woga, nikihesabu alikuwa amefika wapi katika kujifunza na kama inatosha kuandika mistari miwili. Kila siku saa kumi nilipita stendi basi la Muleba linapoingia. Kondakta alifika mahali akawa ananitikisia kichwa kabla sijauliza.

Mwezi wa sita hakutikisa kichwa. Alishuka, akanishika mkono, akaniambia mama amezikwa kesho. Ndivyo alivyosema, alichanganyikiwa maskini. Mama alikuwa ameugua kifua siku nne. Nilipanda basi lilelile likirudi.

Tulimzika kwenye kibanja, kando ya baba, kati ya migomba. Mwalimu alikuwepo. Alinipa mkono kwa ncha za vidole, na nikajua bado ana hasira ya darasa, na nikaona ana haki. Baada ya mazishi shangazi alikuwa akisafisha jiko, akashusha kutoka darini, juu ya mafiga, furushi la majani ya mgomba lililofungwa kwa kamba mara tatu. Akalifungua. Walikuwa senene, wamekauka wakawa vumbi, wengi ajabu.

"Hawa ni wa nani?" aliuliza. "Mwanamke hali senene, na humu hakuna mwanamume."

Hakuna aliyejua. Nami sikujua. Shangazi aliwatupa migombani, na kuku wakaja.

Nilirudi kazini. Baada ya miaka miwili fomu mpya zilifika kutoka Dar es Salaam, na mkuu akatuita kwa furaha tuzione. Kulikuwa na sababu ya tano: mengineyo. Ofisi yetu ilikuwa imesikiliza. Nikaigeuza fomu. Nyuma ilikuwa nyeupe. Walimu walikuwa wamelalamika kwamba maoni ya nyuma hayasomwi, na malalamiko hayo yalikuwa yamefanyiwa kazi: mistari yote kumi na miwili ilikuwa imeondolewa.

Fomu za zamani tuliamriwa tuzitoe kabatini tuwape wanawake waliouza karanga mtaani, wafungie. Nilipewa kuzifungua pini. Sijui ni nini kilinifanya nisome. Labda ile nyeupe. Nilianza na ya juu, na sikuinuka hadi jioni, na kesho yake nilirudi tena. Walimu walikuwa wametuandikia dunia nzima. Upepo umeezua paa, sasa tunasomea kanisani. Kitabu kinafundisha kilimo cha pamba, hapa hakuna aliyewahi kuiona. Mwanakisomo namba tatu amejifungua mapacha, darasa limempelekea ndizi. Mwanakisomo namba kumi na moja amesoma jina la marehemu mume wake kwenye msalaba, akalia, tukaahirisha somo. Kila moja ilikuwa na muhuri wangu kwenye pembe, umenyooka vizuri.

Fomu ya darasa la kwetu ya mwezi wa kumi na moja haikuwa na mwandiko wa mwalimu, isipokuwa chini kabisa. Juu kulikuwa na herufi kubwa za penseli, zilizokandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Ndiyo maana kidole changu hakikupata shida nayo.

MWANANGU. MIMI MAMA YAKO NAANDIKA. NIMEKUWEKEA SENENE. NJOO KAMA ULIVYOSEMA.

Na chini, kwa kalamu: "Ameandika mwenyewe. Sikumsaidia hata herufi moja."

YAMEPOKELEWA.

Nilikwenda Muleba kesho yake bila ruhusa. Mwalimu nilimkuta akianika kahawa. Nilimwonyesha karatasi, naye akaitazama muda mrefu, akaketi kwenye gogo, hasira yote ikamtoka usoni.

"Hukuisoma," alisema.

"Sikuisoma."

"Mimi nilidhani uliisoma ukadharau." Alinirudishia karatasi. "Nilimwambia nitamnunulia stempu. Akauliza, hii karatasi yako inakwenda wapi? Nikamwambia inafika mezani kwa mwanao, anaishika kwa mkono wake. Akasema, basi posta ya nini?"

Nikamuuliza kama alipata jibu.

"Lilikuja. Nililisoma mbele ya darasa: maoni yako yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Aliniomba aione saini, nikamwonyesha. Akaiomba ile barua, akaondoka nayo. Siku zote nilipokutana naye njiani nilimuuliza, mwana hajaja? Akaniambia nisiwe na haraka, kazi za ofisi ni nyingi. Mvua zilipoanza, akawashusha senene, akawapasha moshi upya wasioze, akawapandisha." Mwalimu alikuwa anageuza kahawa kwa kiganja, taratibu, bila kuniangalia. "Hata alipolala kitandani nilitaka kuleta habari mjini. Akanikataza. Alisema, amepokea, ameandika kwa mkono wake kwamba amepokea. Yuko njiani."